Wageni wa Shati la Baba Semeni

Jana mchana, nimejilaza kidogo baada ya kufua, niliota niko jikoni na mtu anapiga hodi. "Karibuni!" nikaitikia, kama ambavyo ungeitikia wewe, bila kuchungulia kwanza. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Natoka jikoni, nakuta sebule imejaa wageni. Hawana miguu, lakini viatu wamevua. Mkubwa wao ni wa kijivu, mzito hadi kochi linagumia. Ananiamkia vizuri tu.

"Shikamoo, mama Semeni. Mimi ni Risasi. Si ya bunduki, ni ile ya kwenye betri za magari."

"Marahaba. Na hawa wenzako?"

"Huyu Shaba, katoka kwenye breki za malori na nyaya zinazochomwa jalalani. Yule Kadimi, metali mwenzetu, mama yake moshi, baba hatumtaji. Bibi anayeteleza pale ni Zebaki, wa taa zilizovunjwa. Wenzangu wamepanda vumbi la asubuhi, hawakupata taabu."

"Mwambie asogee," kochi linaninong'oneza, "mgongo unaniuma."

Namwambia asogee. Kisha natafuta pa kuweka chai, nagundua sebule yangu iko katikati ya Barabara ya Mandela. Malori yanapita kati ya meza na kabati, na kila lori likifunga breki anashuka mgeni mwingine, naye anavua viatu. Mimi nawaza vikombe tu, kwamba havitatosha.

Pembeni kasimama bwana mfupi mwenye tai, jina lake Kiwango Kinachoruhusiwa. Kazi yake ni kuhakikisha wageni hawamzidi kimo. Kila wakiongezeka, yeye anarefuka.

"Bado wako chini yangu," ananiambia, kichwa kikigusa feni. "Usiwe na wasiwasi, mama."

"Na mtoto wangu je?" Semeni wangu ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na kila anachookota anakipeleka mdomoni.

"Mimi nilipimiwa mtu mzima, si mtoto," anasema, anaweka tai yake sawa.

Risasi anapiga miayo. "Mama, tumechoka, tuonyeshe pa kulala. Mimi hulala kwenye mifupa. Ya watu wazima migumu, inaniumiza mbavu. Ya mtoto ni laini. Nikiamka napita na kichwani, naona anavyojifunza maneno. Nachukua machache, sina tamaa."

Nashika fagio. Wageni wanacheka, wanapaa hadi darini, wanatua palepale walipokuwa, na wengine juu ya kitanda cha Semeni.

"Fagio ndilo bembea yetu," anasema Zebaki.

Basi nalowesha kanga yangu kwenye ndoo ya maji, nafuta meza. Kadimi anapiga yowe: "Mama huyu hana adabu! Mgeni anafutwa?" Naona aibu, kwetu mgeni hafukuzwi jamani, lakini nafuta huku nalia. Mmoja mmoja wanaingia kwenye ndoo wakinisema vibaya. Kiwango naye anafupika, anafupika, mwishowe anakaa juu ya kibiriti.

Anabaki Risasi. Hana haraka hata kidogo.

"Mimi sikuja na upepo kama hao," anasema. "Mimi nina mwenyeji wangu. Huyo anaingia."

Mlangoni linaingia shati la kazi la mume wangu, Shomari, anayevunja betri chakavu na kuyeyusha risasi kwenye karakana nyuma ya soko. Shati liko peke yake, mikono imetandazwa, linamwita Semeni. Mtoto anakwenda kulilaki, anapepesuka, anacheka. Nataka kupiga kelele, lakini kochi limenishika upindo wa kanga.

Nikaamka. Shomari alikuwa amerudi mapema, amejilaza mkekani na shati lake la kazi mwilini, Semeni kamlalia kifuani. Ndiyo raha yao ya kila siku, na mimi huwa napenda kuwatazama. Nikamwinua mtoto taratibu. Shavuni palikuwa na duara la kijivu, ukubwa wa kifungo cha shati, na vitundu vyake vinne.

"Baba Semeni, amka ukaoge."

"Kuna nini?"

"Shati livulie nje. Mtoto utampakata baadaye."

Alikaa, akafikicha macho, akanyoosha mikono kama kawaida yake. Semeni naye akamnyooshea ya kwake. Nampenda mume wangu, na nilimwogopa. Nikarudi nyuma na mtoto hadi mgongo ukagusa ukuta.