Redio Mbovu

Mlinzi wa kituo cha redio alimuuliza mgeni amekuja kwa shida gani, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe: amekuja kwa ajili ya mlango wa stoo. Aliiona bisibisi ikichungulia kwenye mfuko wa koti, na mlango wa stoo ulikuwa umekwama tangu Jumatatu. Mgeni alijaribu kusema hapana. Neno likang'ang'ania nyuma ya meno, mlinzi akamhurumia, akamwongoza hadi mlangoni. Basi mgeni akavua koti, akapiga goti, akaanza kukifungua kitasa. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Dada yake alimkuta huko, mikono imejaa grisi.

"Kaka, leo wewe ni mgeni wangu. Hukuja kufanya kazi."

"Mimi na-najua," alisema bila kuinua kichwa. "Mlango ndio ha... haujui."

Dada yake alijulikana mji mzima kwa jina la Malenga. Kila Alhamisi asubuhi aliendesha kipindi cha mahojiano kiitwacho Kiti cha Pili, moja kwa moja hewani, bila maswali yaliyoandikwa. Katika kiti hicho alikwisha kumkalisha mkunga, mwamuzi wa mpira aliyewahi kufukuzwa uwanjani na mashabiki wa timu zote mbili, na dereva wa gari la kubebea maiti, ambaye alichekesha kuliko wote. Watu walimpendea wepesi wake. Mgeni akianza kutapatapa kutafuta neno, Malenga alikuwa amekwisha kulidaka na kumkabidhi. Wasikilizaji walisema huyu mwanamke anajua unakokwenda kabla hujavaa viatu.

Wepesi huo aliupata nyumbani. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Watoto wa mtaani walimwita Redio Mbovu, kwa sababu inashika, inakatika, inakoroma, halafu inashika tena wakati taarifa ya habari imekwisha. Dada mtu akawa mdomo wake. Dukani, shuleni, mbele ya wageni, kaka alianza sentensi na yeye akaimaliza. Hakuna aliyeona ubaya. Huenda haukuwepo.

Wiki moja kabla, kaka alimtumia ujumbe kwenye simu. Aliandika kwamba anataka kukaa kwenye kiti cha pili, hewani, asirekodiwe. Ana neno la siku aliyofariki baba. Mwisho akaongeza: usinisaidie. Malenga alimjibu kwamba kama neno lenyewe ni zito hivyo, si aliandike tu, yeye atalisoma. Jibu lilichelewa sana kuja. Nilipewa kwa mdomo, lilisema.

Siku ya kifo cha baba Malenga hakuwa na haja ya kukumbushwa. Baba alifia hospitalini, na kaka peke yake ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Aliporudi alisimama kizingitini, ndugu wakamzunguka. "Mama," alisema. "Baba amesema mumsa... mumsa..." Mama yao alikuwa amefungasha vitu vyake miaka miwili nyuma, akahamia mji mwingine. Alikuwa na sababu zake, na baba naye alikuwa na zake, lakini Malenga wakati ule alikuwa na miaka ishirini na hakutaka kusikia sababu za mtu. Akaidaka sentensi njiani. Tumsahau, alisema. Baba amesema tumsahau. Kaka alimtazama, mdomo wazi, kisha akainamisha kichwa. Waliokuwapo wakachukulia kuwa ni ndiyo.

Mama hakuitwa mazikoni. Neno lile likazaa shairi, shairi likampa Malenga jina, na mshororo wake wa kwanza ukawa ndio unaofungua kipindi kila wiki, kwa sauti yake mwenyewe, gita likimfuata kwa mbali: *Alituachia neno, kasema tumsahau.*

Wiki nzima alikuwa akilipima neno hilo. Mtu anayekufa, akimtaja mke aliyemwacha, kwa neno linaloanza na "mumsa", na lisiwe sahau, litakuwa nini? Alijua litakuwa nini. Mumsamehe. Watoto wa shule waliolisoma shairi lake walikuwa wakikariri kwa moyo kinyume cha wosia wa baba yake.

Meneja hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Alitaka mazungumzo yarekodiwe, kisha wayasafishe. Malenga alipokataa, alikubali shingo upande na kumkumbusha habari ya Mama Mkwe. Hilo ni jina ambalo wafanyakazi waliupa mtambo unaolinda matangazo: kimya kikizidi sekunde kumi, mtambo hudhani kituo kimekufa, hukata kila kitu na kuweka muziki. Waliuita hivyo kwa sababu hauwezi kuona watu wamenyamaza bila kutia neno. Meneja alisema hatauzima kwa ajili ya mtu yeyote. Ukiingia, muziki utaendelea mpaka mwisho wa kipindi, na mgeni atarudi nyumbani na neno lake.

Fundi mitambo aliyarudia hayo studioni huku akimsogezea kaka kipaza sauti. Kaka alisikiliza ameinamisha sikio, kama anavyosikiliza kufuli dukani kwake. Kisha akauliza, kwa taabu, Mama Mkwe hasa anataka nini.

"Sauti," fundi mitambo alisema. "Yoyote. Hata ukikohoa ataridhika."

Kaka akatoa mfukoni kitita cha funguo, akakiweka mezani, karibu na mkono wake wa kulia.

Nyuma ya kioo cha studio alikuwa amekwisha kukaa Shangazi, kama wote walivyomwita mtangazaji wa kipindi kinachofuata, bunda la kadi mapajani. Kazi yake ilikuwa kusoma nani anamsalimu nani. Malenga aliwahi kusema kikaoni kwamba kipindi cha salamu kinakula hewa bure, kwamba kujuliana hali ni kupiga hodi tu, mazungumzo yenyewe yako ndani. Shangazi hakununa. Alimwambia tu kwamba iko siku atakuja kuomba kadi, na siku hiyo atapanga foleni kama wenzake.

Taa nyekundu ikawaka. Gita likalia, na sauti ya Malenga ikasema maneno yake ya kila wiki, kasema tumsahau. Kaka alifumba macho hadi yakaisha.

Malenga alimtambulisha kuwa ni fundi wa kufuli na kaka yake wa damu. Kaka akasogea mbele.

"Na mimi ndiye Re-redio Mbovu," alisema. "Wa mtaani kwetu wa-wananijua."

Fundi mitambo alicheka nyuma ya kioo, na kwa muda mambo yakaenda vizuri kuliko walivyotegemea. Kaka alieleza watu wanavyopoteza funguo. Alisimulia habari za mzee mmoja aliyekuja mara tatu kuchongesha ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuhama, na namna alivyomchongea mara zote tatu bila kumuuliza. Alikwama, akatikisa funguo, akaendelea. Mara mbili Malenga aliliona neno linakuja, akaanza kulipokea, na mara zote mbili kaka aliinua kidole kimoja, bila ukali. Malenga akaiweka mikono yake chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni.

Halafu kaka akanywa maji, na Malenga akajua wamefika.

Alisema baba siku ile aliomba maji. Aliuliza kama mvua imenyesha. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akamwambia asikilize vizuri.

"Akasema, mama yenu, m-mumsa..."

Akakwama.

Shingo ilimvimba. Midomo ilikuwa imefunguka, pumzi imeziba, na macho yake yametulia juu ya meza, mbali na macho ya dada yake. Mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ukatembea. Nyuma ya kioo fundi mitambo aliinua mikono, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Kaka akatikisa funguo. Vidole vikainuka upya.

"Mumsa..."

Kimya tena. Tena funguo. Jasho jembamba lilimshuka kaka kwenye sikio. Malenga aliwaza watu waliokuwa wakisikiliza jikoni, madukani, kwenye foleni za magari, wakidhani redio zao zimeharibika, wakinyoosha mikono kubadilisha stesheni. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kwake, kamili, limemchosha wiki nzima. Angeweza kumtua mzigo huu kwa pumzi moja. Na safari hii, alijiambia, lingekuwa neno la kweli, lingekuwa la kulipa deni. Vidole vya fundi mitambo vilikuwa vimebaki vitatu. Malenga akafungua mdomo, midomo yake ikaanza kulifinyanga: sa, me.

Kaka aliinua macho, akaiona. Akatikisa kichwa.

Hakutikisa kama anayemwomba anyamaze. Alitikisa kama anavyomtikisia mteja aliyemletea ufunguo usio wa kufuli ile. Malenga akabaki mdomo wazi. Sahau sio. Samehe sio. Alipekua kichwa chake chote hakukuta kitu, na ikamjia, kwa hofu kama ya mtu aliyekosa ngazi gizani, kwamba hajui sentensi ya kaka yake inaishia wapi.

Akafunga mdomo. Funguo zikalia.

"Mumsalimie," kaka alisema.

Lilitoka lote kwa mara moja, jepesi, kama kitasa kilichotiwa mafuta.

Malenga alisubiri. Aliona kuna kingine kinakuja.

"Basi?"

"Basi. Aka-akaomba maji tena."

"Mimi nilidhani ni samehe."

"Hilo la-lako," kaka alisema. "La baba ni salamu."

Malenga alimuuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, kwa nini siku ile hakusema. Kaka alifikiri. Alisema watu walikuwa wanalia, na neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na yeye hakujua namna ya kuliondoa neno la mtu mwingine mdomoni mwake. Kisha akasema kwamba mwezi uliopita mama, ambaye amerudi kuishi mjini, aliingia dukani kwake kuchongesha ufunguo wa mlango wake. Hawakuwa wameonana tangu alipohama. Alisubiri ufunguo huku akimweleza anakokaa na anavyoishi sasa, akaupokea, na akiwa mlangoni akauliza kama marehemu alisema lolote.

"Ukamwambia?"

Kaka akatikisa kichwa. Alichukua muda mrefu, na funguo zililia mara mbili kabla hajaweza. "Baba hakusema umsalimie. Alisema m-mumsalimie. Wewe na mimi. Ni-ningempa nusu?"

Ilikuwa zamu ya Malenga kusema. Saa ya ukutani ilionyesha kuwa kipindi kimebakiza muda mdogo. Shangazi alikuwa amesimama, kadi zake kifuani, uso karibu na kioo.

"Mama," Malenga alisema kwenye kipaza sauti. "Baba..."

Hapo akakwama. Maneno hayakumkimbia, yalikuwa mawili, yamesimama mlangoni bega kwa bega, kila moja linazuia jingine. Alikusalimu, au anakusalimu? La kwanza lilikuwa sahihi. Mtu alikwisha kufa. Lakini hakuna anayefikisha salamu namna hiyo. Alimtazama kaka yake. Kaka alilijua neno, ilionekana wazi usoni kwamba analijua, na hakufungua mdomo. Fundi mitambo akakunja kidole, na kingine, na kingine. Kaka akanyoosha mkono, akatikisa funguo kwa niaba yake, akasubiri. Akatikisa tena.

"Baba anakusalimu," Malenga alisema.

Gita likalia, taa ikazimika.

Shangazi aliingia kukalia kiti chake. Malenga alitegemea utani, na alistahili. Shangazi alimgusa bega tu, akapanga kadi zake mezani. Fundi mitambo akauliza juu ya ule mshororo wa ufunguzi, wiki ijayo aweke nini. Malenga alimwambia autoe, cha kuweka badala yake hajapata bado. Fundi akasema pakiachwa wazi Mama Mkwe ataingia. Malenga akasema basi na aingie.

Walishuka ngazi. Huko nje mlinzi alimpungia kaka mkono akimsifia mlango wa stoo. Malenga alitoa simu, akaitazama, akairudisha mkobani, akaitoa tena.

"Unadhani amesikia?"

"Nani, mama?" Kaka alivaa koti. "Hana redio. Ya-yake mbovu."

Malenga alisimama katikati ya njia. Alimtazama kaka yake kuona kama anatania, na kwa sehemu alikuwa anatania, lakini kuhusu redio ya mama alisema kweli. Akamuuliza sasa yote yale yalikuwa ya nini: meneja, mtambo, nchi nzima imekaa roho juu.

"Nyumbani ungeondoka," kaka alisema. "Ungeni-ungenimalizia, ukaondoka. Hapa huwezi."

Malenga aliitazama barabara, watu wanavyopita na shughuli zao, kisha akasema kazi yake ya leo imekwisha na hana pa kwenda. Mama anakaa mtaa gani?

"Anakaa Ma..." kaka alisema. "Ma..."

Mitaa ya mji ule inayoanza hivyo ni mingi. Mitatu ilimjia Malenga papo hapo, wa nne ukafuata. Akaiacha ipite yote, akaegemea ukuta wa kituo, akasubiri.