Sahani ya Revocatus

Jumamosi saa kumi na moja jioni, kama Jumamosi zote, Rhobi alipakua ugali wa muhogo na kichwa cha sato, akaiweka sahani kwenye stuli mbele ya televisheni, kisha akamnawisha mumewe kwa kufuta kioo na kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Revocatus, aliyekuwa ndani ya televisheni, akaanza kula. Ugali ulimegeka kidogo kidogo, miiba ikajipanga pembeni ya sahani.

Mama yake Rhobi, Getruda, mjane muuza samaki, alimtazama mkwewe kutoka mlangoni huku akiparua magamba.

"Ana adabu ya kula," alisema. "Hilo tusimnyime."

"Analaga taratibu," Rhobi alikubali.

Walioana mwaka juzi kwenye Pete ya Jumamosi, kipindi kilichokuwa kikiwakutanisha vijana wasiojuana na kuwaozesha mbele ya kamera. Revocatus alitoka Bunda. Ng'ombe sita wa mahari walikuja kweli, wakapigwa picha, wakaswagwa mpaka Butiama kwa Mugeta, mdogo wa marehemu baba yake Rhobi. Kisha watu wa kipindi wakaja hapa Nyasho kupiga picha za maharusi nyumbani kwa kina Rhobi. Walipoanza kupakia taa zao kwenye gari, Revocatus alianza kuwa mwembamba, kuanzia miguuni. Taa ya mwisho ilipoingia garini, yeye alikuwa ameshaingia kwenye televisheni na suti yake ya bluu.

Rhobi alijaribu kuizima. Revocatus alibaki kwenye kioo cheusi, akisubiri. Getruda akaipakata televisheni kwenye basi mpaka Bunda kwa wazazi wa Revocatus. Walimpokea vizuri, wakampikia wiki nzima, akagoma kula. Mama yake akamrudisha mwenyewe, akasema mtoto amezoea mkono wa mkewe.

"Eti mama Rhobi, ndoa za kwenye televisheni zinadumugi?" majirani waliuliza.

Getruda hakuwa mtu wa kusema uongo. Msimu ule zilifungwa ndoa saba. Sita zilikufa kabla viatu vya harusi havijachakaa. Ya Rhobi ilikuwa inadumu.

Lakini Rhobi alikuwa na miaka ishirini na minane, alitaka mtoto, na Lameck, fundi mitumbwi wa Kibara, alikuwa tayari kumwoa hata kesho. Kilichotakiwa ni wazee wa ukoo watamke kwamba Rhobi hana mume. Wakitamka, ng'ombe warudi Bunda. Na Mugeta alikuwa ameshawatumia ng'ombe wale kumwolea mwanawe Boniphace.

Getruda alifunga siku tatu na kuomba, akainuka ana uhakika.

"Mungu wangu hajawahi kuniaibisha," alimwambia Rhobi. "Siku wazee watakapokuja, Revocatus usimpakulie. Waone televisheni, basi, waende zao."

Wazee watatu walikuja na Mugeta Jumamosi iliyofuata. Walikaa, wakaitazama televisheni kwa muda mrefu. Mkubwa wao akaigonga kwa fimbo, polepole.

"Mimi naona televisheni," alisema. "Mume simwoni."

Mugeta akakohoa. Getruda akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Ila wageni waliotoka Butiama hawawezi kuondoka na njaa. Rhobi akaleta sufuria, akainua mwiko kumpakulia yule mzee mkubwa. Getruda alikuwa amelea mabinti wanne, na neno alilowafundisha kila siku jikoni likamtoka lenyewe.

"We Rhobi! Mpakulie mumeo kwanza!"

Mwiko ukabaki hewani. Rhobi akamtazama mama yake. Kisha akapakua, akaweka kwenye stuli, akafuta kioo. Revocatus alikula akamaliza, na mchuzi uliobaki ukafutika kwa tonge la mwisho.

"Shemeji," Mugeta alisema, "umemtaja mwenyewe. Na mwenyewe amekula. Mwanamume anayekula kwa mkewe yuko nyumbani."

"Ulimi umeteleza, shemeji."

"Ulimi wako naujua miaka thelathini. Hautelezagi."

Wazee wakacheka, wakanawa, wakala. Ndoa ikabaki ndoa. Lameck alipopata habari alirudi kwenye mtumbwi aliokuwa ameuacha nusu, akaumalizia.

Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, watu wa Pete ya Jumamosi walikuja kutoa kikombe kwa ndoa iliyodumu. Mtangazaji, dada mwenye kucha ndefu, alimuuliza Rhobi siri ya ndoa yake.

"Hatugombanagi," Rhobi alisema.

Wakampiga picha akiwa ameegemea televisheni. Revocatus alitabasamu. Mtangazaji akafuta chozi, kisha vijana wake wakaanza kupakia taa.

Getruda alikishika kifundo cha mkono wa mwanawe kwa mkono uliozoea samaki wanaoteleza. Ilipopakiwa taa ya pili, visigino vya Rhobi vikaanza kuwa vyembamba. Getruda akakaza.

"Huyu hammchukui," alisema, bila kupandisha sauti.

Taa ya mwisho ikaingia. Gari likaondoka. Visigino vikarudi, kimoja kimoja, na nyufa zake.

"Mama, niachie sasa," Rhobi alisema. "Saa kumi na moja hii."

Getruda aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa kweli. Akamwachia, na Rhobi akaenda kupakua.