Kesi ya Maji ya Manjano

Nilirudi Mnyambe likizo ya Juni nikiwa na begi, godoro na shaka moja: kuna mtu alikuwa ameniharibia mdogo wangu.

Zamani Esha alikuwa anaamini. Ukimwambia kuku wa jirani yetu Mzee Halfani wanaelewa Kifaransa, anakwenda kuwasikiliza. Jioni ya kwanza nilimweleza, kwa uso wa mazishini, kwamba bwenini kwetu Masasi sheria inataka wote tule ugali tukiwa tumefumba macho. Esha, mwenye miaka sita, aliendelea kumenya muhogo.

"Umejuaje?"

"Nasoma pale."

"Umejuaje kwamba wote wamefumba, na wewe umefumba?"

Niliinuka nikaenda kunywa maji.

Upelelezi wangu uliishia kwa Mwalimu Severina wa darasa la awali. Huyo, nilielezwa, huja darasani na boksi lililofungwa kamba. Watoto wanalitikisa, wanalinusa, kisha kila mmoja anasema kilichomo. Kusema "najua" hakuruhusiwi. Unasema "nadhani," unatoa sababu, halafu unataja jambo ambalo likitokea utakubali kwamba umekosea. Nilimshuku kabisa. Kuna vizibo vya kuhesabu na nyimbo za kuimba. Kwa nini awafundishe watoto kuwachunguza wakubwa zao? Hata Baba hakumwelewa. "Mtoto anamuuliza mzee kajuaje," alisema. "Hiyo ni shule au polisi?"

Wiki hiyohiyo maji yakaharibika.

Huku kwetu juu maji tunayavuna kwa bati. Mvua inashuka paani, inapita bombani, inaingia kwenye kisima cha saruji uani, na hicho ndicho kinatuvusha kiangazi. Kikiharibika, ni kushuka bondeni na madumu. Asubuhi moja, baada ya manyunyu ya usiku, Mama alifunua kisima akakuta utando wa manjano unaelea, unanuka kibiriti.

Baba hakuuliza ni nani. Aliita jina langu.

"Umetia salfa kisimani. Salfa yangu ya kupulizia mikorosho, ya stoo."

"Baba, wallahi..."

"Usiape, unaongeza kesi."

Sababu alikuwa nayo. Wageni wetu wa maulidi walikuwa wamenawa maji niliyoyatia rangi ya pilau, wakaenda makwao na vidole vya njano, na uchunguzi wa wakati ule haukuwa mrefu.

"Masasi hurudi," alisema. "Utasoma shule ya kata, na kila alfajiri utashuka bondeni mpaka mvua za mwaka zirudi."

Nilifungua mdomo kujitetea. Nilikuwa nasema kweli, na uso wangu ulishazoea kazi nyingine. Haukujua kweli inavaliwaje. Niliwafikiria rafiki zangu bwenini, na kitanda changu cha juu karibu na dirisha.

"Baba, umejuaje?" Ilikuwa sauti ya Esha.

"Esha," alisema Mama, "huyo baba yako."

"Shikamoo baba. Umejuaje?"

"Marahaba," alijibu Baba kwa mazoea, ndipo akakumbuka kukasirika. "Namjua kaka yako."

"Ulimwona?"

"Nani mwingine hapa ana akili za namna hii?"

Niliinamisha kichwa. Ilikuwa sifa, ila imekuja wakati mbaya.

Esha alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, kikatoka na vumbi la manjano. "Na hapa kapaka yeye?"

"Anaweza."

Akageuza jani la mpapai. "Na huku?"

"Huyu? Anaweza."

"Mimi nadhani ni salfa ya Mzee Halfani. Pampu yake imelia jana jioni, na leo alfajiri imelia tena. Upepo unatoka kwake."

Kila mtu Mnyambe anajua kwamba pampu za salfa zikianza kunguruma mikoroshoni, kila nyumba huchomoa bomba la kisima ili maji ya paa yamwagike nje. Bomba letu lilikuwa limechomekwa vizuri. Mama alilitazama.

"Halfani aliniambia anaanza wiki ijayo," alisema Baba.

"Tumwage maji safi juu ya paa la jiko," alisema Esha. "Bati lake limeoza, kaka hawezi kupanda. Yakishuka safi, nadhani ni kaka. Yakishuka manjano, si yeye."

Je, kama upepo uliliruka jiko? Mtoto yule angenifunga kwa roho safi kabisa.

Mama alichota kwa jagi maji ya kunywa yaliyobaki mtungini. Nikanyoosha mkono kupokea jagi.

"Kaka asimwage," alisema Esha. "Atafanya ujanja."

Baba alipanda juu ya stuli, akamwaga mwenyewe. Maji yalitambaa kwenye migongo ya bati, yakadondoka ndani ya sufuria jeupe. Yalikuwa ya manjano. Esha alinusa, akampa Mama, Mama akampa Baba. Baba alinusa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kuchomoa bomba ni kazi ya nani?" aliuliza Esha.

Mama alikumbuka kitu ndani ya nyumba. Baba alikwenda kwenye bomba, akalichomoa, akalilaza chini.

"Ashiru."

"Naam, Baba."

"Lete madumu."

Nilidhani adhabu ni ileile. Lakini aliyafunga mwenyewe kwenye baiskeli, akanikabidhi kazi ya kusukuma nyuma. Tuliposhika mlima wa kurudi, madumu yakiwa yamejaa, alisema bila kugeuka, "Likizo ikiisha utapanda gari la Masasi." Nikasukuma kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Karibu na kilele tulikutana na Mzee Halfani, kofia yake ikiwa na unga wa manjano.

"Baba Ashiru, unateka maji? Mama Ashiru anaumwa?"

"Mzima. Nilisahau kuchomoa bomba, salfa yako ikaingia kisimani. Nikamsingizia huyu."

Mzee Halfani alinikagua kutoka miguuni hadi utosini.

"Una hakika si yeye?"

"Tumepima," alisema Baba, akaendelea kupanda.