Madonge ya Alhamisi

Alhamisi ilikuwa siku ya madonge ya viazi kwenye kantini ya taasisi moja ya fizikia, Potsdam, Ujerumani. Watu wa kwanta, wanaochunguza chembe ndogo kupindukia ziwezazo kuwa mahali pawili kwa mpigo, walikaa meza ya dirishani. Watu wa mvutano, wanaochunguza nyota na kupinda kwa anga, walikaa meza ya mlangoni. Kazi yao ilikuwa kuziunganisha nadharia hizo mbili ziwe moja. Hakuna aliyewahi kuhamisha sahani kwenda meza ya pili.

Daktari Wiebke Tönnies alizijua nadharia zote mbili. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na baada ya chakula meza zote mbili zingepigia kura nafasi moja ya kazi ya kudumu. Alibeba trei, akakaa dirishani, akakaa na mlangoni, kwa wakati uleule.

"Wiebke, nipe chumvi," alisema Profesa Brandis wa dirishani. Akampa.

"Leo umetukumbuka!" alisema Profesa Kolbe wa mlangoni, akimsogezea kiti.

Mpishi, Bibi Radunski, alimwona huku na kule. "Mchuzi wa wawili, basi," akasema, akamimina mara mbili.

Ndipo donge likamponyoka Brandis na kuanza kuviringika sakafuni. Kantini nzima ikaacha kutafuna. Kitu kikiwa mahali pawili, kinavuta vingine kuelekea wapi? Walikuwa wamegombana kwa miaka juu ya swali hilo.

Donge halikwenda kwa Wiebke wa dirishani wala wa mlangoni. Lilisimama katikati ya ukumbi, mbele ya kiti kitupu.

"Katikati! Si nilisema?" Kolbe alipiga meza.

"Ulisema nini wewe? Sakafu imeinama!" alisema Brandis.

"Sakafu mliipima ninyi wenyewe!"

Madonge mengine yakashuka kutoka kwenye sahani, yakalifuata. Watu walicheka mpaka machozi.

Kisha wakapiga kura hapohapo.

"Hodari sana," alisema Brandis. "Ila huyu ni wenu."

"Wetu? Tangu lini?" alisema Kolbe. "Ni wenu huyo, mchukueni."

Kila meza ikamwongezea nusu mkataba wa miezi sita. Nafasi ya kudumu wakakipa kile kiti kitupu, kwa kuwa ndicho pekee ambacho hakikuegemea upande wowote.

Alhamisi iliyofuata kiti kilikuwa na ofisi, ufunguo na jina kwenye mlango wa ofisi hiyo. Bibi Radunski alikiwekea sahani chini, madonge yakaviringika yenyewe mpaka ikajaa. Wiebke alikula dirishani, akala mlangoni, akashiba vizuri, na hakuna aliyehamisha sahani.