Chupa ya Tatu
...na hii sasa ndiyo inanuka, inanuka boksi lililonyeshewa likasahauliwa stoo, naizungusha mdomoni polepole, juu ya ulimi, chini ya ulimi, labda nimekosea mimi, labda ni mchuzi wa sangara niliouonja jikoni mchana, hapana, nimeshakula mkate nikanywa maji, na ile chupa ya kwanza ilikuwa safi, waini nyeupe ya Dodoma niliyoileta mwenyewe, inakwenda na sangara wa ndimu mpaka unatamani kuongeza, Mayala aliinywa akasema nzuri lakini wageni watatucheka, bosi wangu huyu, hoteli ni yake na samaki tunaouza ni wa ziwa hili hapa dirishani, kwa samaki hachekwi, kwa zabibu za Dodoma ndiyo achekwe... ya pili nayo haikuwa mbaya, ila hii ya tatu, nyekundu, yenye picha ya farasi, ndiyo Chenge, muuza waini huyu, anayotaka ikae juu kabisa kwenye menyu mpya, amekuja nayo kwa ndege kutoka Dar, amevaa koti katika joto hili la saa tisa, anasema kule Cape Town alikosomea hii ndiyo waini ya watu wazima, ina ladha ya udongo, ya kizamani, sasa Mayala ananiuliza vipi, Paskazia, naye ameshika simu maana wachapishaji kule Mabatini wanangoja orodha ya vinywaji leo, nainua kidole kwamba bado naonja, siwezi kusema na waini mdomoni, afadhali, nikitema itabidi niseme... Chenge anamwambia Mayala, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba si kosa la dada, pua iliyozoea dagaa inahitaji muda, wote wawili wanacheka, Mayala kidogo tu, lakini amecheka, haya, chekeni, mama yangu aliuza dagaa sokoni Kirumba miaka ishirini, alinifunga macho kwa kanga yake akanisogezea puani viganja viwili vya dagaa, hawa walikauka kwa jua siku moja, hawa walinyeshewa wakaanikwa tena, nikikosea narudia, nilikuwa na miaka minane, pua hii haina cheti lakini haikuokotwa, niliingia hoteli hii kuosha vyombo, nikaonja kilichobaki kwenye glasi za wageni kabla ya kumwaga, ndiyo, masalia, sioni aibu, marehemu Pius mpishi aliponikamata hakunikaripia, alinionyesha namna ya kutema, akasema ukimeza kila glasi jioni utakuwa umelala chini ya sinki... ladha ya udongo, anasema, udongo naujua, udongo wa mvua ya kwanza ni mtamu puani, hii ni kizibo kibovu, ni ukungu, na si mara ya kwanza kuinusa, picha ni hiyohiyo ya farasi, Krismasi, meza ya barazani, yule mama mgeni aliyeweka glasi chini akaisukuma kwa kidole kimoja, Mayala akauliza nani aliyeweka chupa juani, Rose ndiye aliyekuwa zamu ya stoo, basi akawa Rose, akaondoka siku hiyohiyo na sare yake kwenye mfuko, na chupa ile nilikuwa nimeifungua mimi, niliinusa kabla ya kumimina, nilijua, nikamimina, maana nilikuwa nina wiki tatu tu tangu nipewe usimamizi wa vinywaji na niliogopa kuonekana najifanya mjuaji mbele ya bosi, na Rose alipokuwa anajitetea mimi nilikuwa napangusa glasi ambazo zilikuwa kavu tayari... sasa anauza chapati karibu na chuo cha ualimu Butimba, nikipita ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto, angenitukana ingekuwa nafuu... Chenge anatazama saa, anasema kama dada hana la kusema tuendelee, Mayala anaanza kubonyeza simu, shavu linaniuma kwa kuishikilia waini hii, naweza kumeza, nikimeza imekwisha, itaandikwa, itachapishwa, na atakapoirudisha mgeni atatafutwa Rose mwingine, Winnie labda, ndiye aliye stoo sasa... hapana, simezi, natema kwenye kikombe, nafuta mdomo, sauti inatoka nzito kuliko nilivyotaka, nasema, “Imeharibika, bosi. Mwambie afungue nyingine ya hiyohiyo, tunuse wote.” Chenge anasema hakuna haja, anasema hana muda, mkono wake umeshaifunika chupa ya akiba, Mayala ananitazama mimi, hatazami chupa, nami sijamaliza, kumbe hilo la kwanza lilikuwa jepesi, “Na ile ya Krismasi ilikuwa hivihivi. Si jua. Niliinusa nikanyamaza, Rose hakuwa na kosa.” Simu inaita mkononi mwa Mayala, haipokei, anauliza polepole, “Ulijua?” Nilijua, namwambia, nilijua, na kama ni kuondoka leo nitaondoka, lakini nitapita kwanza Butimba kumwambia Rose kwa mdomo wangu, na hii kwenye menyu siiandiki, iandikeni nyinyi, mkono wangu haumo... Chenge hajatoa mkono juu ya chupa, glasi ziko palepale, nami sikai, nasimama wima mbele yao na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi siogopi Mayala amtazame nani akitafuta mwenye kosa.