Tangi Tupu Kwenye Gwaride

...neno lenyewe fupi tu, uzembe, nililiandika mwenyewe kwa penseli na karani amelichapa bila kosa, sababu ya gari kufika kwenye moto bila maji ni uzembe wa dereva, halafu chini yake mstari wa sahihi yangu, Kamanda wa Zimamoto wa Mkoa, na karani amesimama mbele ya meza na bahasha mkononi, anasema, "Afande, makao makuu wamepiga tena, wanaitaka taarifa kabla ya saa sita," nami nasema, "Nasoma," ingawa nimeisoma mara nne, naikodolea macho kama mwanafunzi anayengoja jibu lijitokeze lenyewe kwenye karatasi ya mtihani, na dirisha liko wazi, namsikia dereva kwenye benchi la nje anamtania mlinzi, "Wewe unalinda nini, hata usingizi wako umekutoroka," wanacheka wote wawili, mtu anayengoja kufukuzwa kazi anachekaje vile... huyu ndiye aliyenifundisha kukunja mpira wa maji nilipokuwa kuruta, "Binti, mpira haukunjwi kwa hasira, utakulipiza siku ya moto," leo ananipigia saluti na kuniita afande, lakini tukiwa wawili tu lile "binti" humponyoka, na sijawahi kumkataza.

Watu wanadhani kamanda wa mkoa anaingia motoni, moto siku hizi naukuta umeshakuwa majivu, kazi yangu ni kukagua milango ya dharura ya mabweni nikute imetiwa kufuli, kupanga zamu za vituo vinne kwa askari wanaotosha vituo viwili, kuomba magurudumu mapya kwa barua ya tatu, na kuandika taarifa, nani alifanya nini, saa ngapi, kwa amri ya nani... kwa amri ya nani, hapo ndipo pananikaba, maana Jumanne mgeni wa wizarani alikuja kukagua gwaride na uwanja wetu ni udongo mtupu, nikasema, "Mwagieni maji, mgeni asile vumbi," dereva akazunguka na gari mara tatu, vumbi likalala, kisha akaja akasimama mbele yangu, buti zimejaa tope, "Afande, nikajaze tangi kwanza? Dakika kumi tu," nami macho yangu yako getini, gari la mgeni limeshakata kona, nikamwambia, "Acha, lipange kwenye mstari, utajaza wakiondoka," mimi, niliyebandika kwa mkono wangu katika kila kituo karatasi inayosema gari halipangwi kabla halijajazwa... na kengele ikalia katikati ya hotuba, gari likatoka na king'ora, linang'aa, wageni wakapiga makofi, mgeni akaniinamia akasema, "Vijana wako wepesi," nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi, tangi lilikuwa limenitoka kabisa kichwani.

Maji yalitoka dakika moja na nusu, gari la pili lilitoka kituo cha mbali, dakika arobaini njiani, na seremala mwenye karakana iliyokuwa ikiungua hakungoja, aliingia mwenyewe ndani kuokoa mashine ya randa, sasa mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka begani na karakana ni nguzo nne nyeusi, na jana asubuhi mama mkwe wangu aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mkwe wangu, gari la zimamoto lisilo na maji ni nini?" nikasema sijui mama, akasema, "Ni basi jekundu," watoto wakacheka, nikacheka nao, chai ikanipalia... halafu maelezo ya dereva, haya hapa yameambatanishwa, maneno mawili, "Sikujaza tangi," basi, ni kweli tupu na ni uongo mtupu, nilimwita nikamuuliza mbona hukuandika mengine, akasema, "Binti, mimi nimebakiza miezi saba, wewe bado una safari," kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na mimi nikatoa penseli, nikaandika uzembe, nikajiambia mkoa una magari manne, nikiondoka atakayekuja hatajua hata bomba la maji la sokoni linafunguliwa upande gani, nikajiambia yeye amekubali mwenyewe, nikajiambia mengi, yote yalikuwa na mantiki.

Karani anakohoa, "Afande, kuna kosa nirekebishe?" namtazama, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, namuuliza, "Jumanne ulikuwa umesimama wapi?" anajibu taratibu, "Nyuma yako, afande, nilishika shada la mgeni," anatazama bahasha... nyuma yangu, hatua mbili, basi alisikia, amelichapa neno lile huku akijua, na askari wote mstarini walisikia, ishirini na mbili, walisikia mtu akiuliza swali sahihi na walisikia nilivyomjibu, na sasa wanangoja kuona swali lile linamfikisha wapi mwenye kuuliza, na wakishaona, kesho dereva mwingine atakuta tangi limefika nusu, atanitazama usoni, atanyamaza, mfunga mipira ataona mpira umepasuka, atanyamaza, kila mtu atanipigia saluti safi na kunyamaza, na mimi nitakuwa naongoza mabasi mekundu... kumbe sahihi hii haimfukuzi mzee peke yake, inafukuza lile swali, nikajaze kwanza, na mkoa mzima unalala usiku kwa sababu mahali fulani kuna mtu anauliza vile, nami safari ndefu ninayoonewa huruma nitaisafiri na nani... bado kalamu iko hewani, bado karani amesimama, nje dereva anamwambia mlinzi, "Nikiondoka benchi hili nakurithisha, lakini mguu mmoja ni mgonjwa," wanacheka tena, na maneno yananijia bila kuyatafuta, mepesi, ya kutosha kusomwa hata na seremala aliyelala hospitalini: dereva aliomba ruhusa ya kujaza tangi, kamanda wa mkoa alimkatalia, kamanda huyo ni mimi.