Tanzia ya Papa Polio

Adalbert alijaliwa sauti nzito na tamu, na kwa miaka mingi redio moja ya Bukavu haikumpa kazi nyingine ila kusoma tanzia. Kila adhuhuri watu waliacha vijiko hewani wamsikie akitangaza nani kafa, msiba uko wapi, na habari iwafikie akina nani kisiwani Idjwi na kijijini Mumosho. Kisha vita vikaja, wenye bunduki wakaifunga redio, na Adalbert akabaki na jina kubwa lisilo na mshahara.

Mtaka cha mvunguni huinama, naye akainama. Alishika kipaza sauti harusini. Alipotamka tu "Familia zote mbili zina furaha", shangazi wa bibi harusi akaangua kilio na wapishi wakaacha masufuria. Akasoma matangazo ya parokia, na waamini wakamwomba padri, kwa adabu, awarudishie katekista wao. Akaandikia shirika fulani ripoti. Kalamu haina sauti, ni kweli, lakini ripoti zake zote zilianza na "Ni kwa huzuni kubwa".

Ikabaki nafasi moja. Maman Valérie, mkuu wa kampeni ya chanjo ya polio, alimwambia wazi.

"Adalbert, leo njo essai yako, siku ya kukupima. Batoto ba Nyantende bakikuya, uko na kazi. Basipokuya, urudi kwenu."

Kwao kulikuwa na mke, watoto, na sufuria isiyosikiliza maelezo. Adalbert akabeba kipaza sauti chake.

"Leteni watoto! Chanjo ni bure!" alinadi katika vijia vya Nyantende. Milango ikafungwa. Wakati wa vita, kitu cha bure kilitisha kuliko cha kulipia. Mzee mmoja tu alichungulia dirishani.

"Kumbe ni Adalbert wa redio! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, muzee."

"Sasa unatusumbulia nini?" Dirisha nalo likafungwa.

Hapo shetani, au pengine Roho Mtakatifu, akamgusa Adalbert begani. Huku mtu anaweza kukosa misa, akakosa hata harusi ya mdogo wake, lakini msibani lazima aende. Akakohoa kama zamani.

"Ni kwa huzuni kubwa jamaa zote za Nyantende zinawatangazia kifo cha Papa Polio, mzee mlemaza watoto, kitakachotokea leo hii kwenye uwanja wa parokia. Kila mzazi aje na watoto wake wote. Habari iwafikie walio mashambani."

Walikuja, jamani! Akina mama na kuni za matanga kichwani, ndizi begani, watoto nyuma kama vifaranga. Walioelewa walicheka njia nzima. Wasioelewa walilia kwanza, wakaelezwa, wakamtukana kidogo, kisha wakapanga mstari kwa kuwa walikwisha fika. Matone yakadondoka vinywani mpaka chupa zikakaribia kwisha. Maman Valérie alicheka hadi akaketi chini.

"Weye uko mubaya! Kazi umepata."

Adalbert alikuwa bado anafurahia neno hilo alipofika mama mmoja mzee kutoka Mumosho, Godelive jina lake, akihema chini ya mzigo wa kuni.

"Maiti iko wapi?"

Adalbert akamweleza mambo ya Papa Polio, akajiandaa kutukanwa tena. Godelive akatua kuni zake taratibu.

"Basi miye niko na wangu. Gentil, mutoto wangu. Alikufa redio ikiwa imefungwa, hakuna mutu alimutangaza. Mpaka leo, kule Idjwi bajomba bake banamutumia salamu."

Adalbert aliona aibu kwa mzaha wake. Akamuuliza jina la baba, majina ya wajomba wa Idjwi, akapanda juu ya kiti. Akaisoma tanzia ya Gentil yote, polepole, kama alivyokuwa akizisoma redioni. Hakuna aliyeondoka. Wanawake wakawasha kuni walizokuja nazo.

Alipomaliza na kuinua macho, nyuma ya Godelive alikuwa amesimama mama mwingine, kisha baba mmoja, na nyuma yao mstari mpya ulifika hadi barabarani, kila mtu akingoja kumtajia jina la mfu wake.